Abu Rayhan Al-Biruni na Chupa Iliyopasuka kwa Barafu



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, kila aliyewahi kusahau chupa ya soda ndani ya friza anajua anachokikuta asubuhi: vigae vimetawanyika na barafu imesimama peke yake. Tunagombezwa, tunasafisha, na jambo linaishia hapo. Mwaka huu tunawaletea maisha ya mwanachuoni ambaye jambo hilo halikumpita hivi hivi, miaka elfu moja iliyopita.

Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni alizaliwa mwezi wa Dhul-Hijja mwaka 362 Hijria (973 Miladia), kando ya mji wa Kath katika nchi ya Khwarazm, ambayo leo imo Uzbekistan. Huko wakati wa baridi hata mto mkubwa huganda, kwa hiyo barafu kwake haikuwa kitu cha kununua dukani. Alisomeshwa hisabati na falaki na Abu Nasr Mansur bin Iraq. Mwaka 995 vita vilimkimbiza kwao, naye ni kijana wa miaka 22 tu.

Zama hizo wasomi wengi walimtegemea Aristotle, na ilijulikana kwamba kitu kikipata moto hutanuka, kikipata baridi hunywea. Karibu na mwaka 1000, Al-Biruni alimwandikia Ibn Sina, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka kama saba, maswali 18. Mawili kati ya hayo ndiyo yaliyotuvutia sisi. Ikiwa baridi hunywesha vitu, kwa nini chupa iliyojaa maji hupasuka maji yanapoganda? Na kwa nini barafu huelea?

Ibn Sina alijibu kwamba maji yakinywea huacha nafasi tupu ndani ya chupa, na kwa kuwa utupu hauwezekani, chupa huvunjika. Barafu nayo huelea kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake. Ni majibu ya mtu mwenye akili nyingi, lakini hebu fikirini: kama utupu ndio uvunjao, vigae vingeingia ndani. Mbona chupa ya friza hufumuka kwa nje? Al-Biruni hakuridhika na majibu kadhaa aliyopewa, akaandika tena kuyapinga, wala hakulainisha maneno. Safari ya pili aliyejibu ni Al-Ma'sumi, mwanafunzi wa Ibn Sina.

Leo tunajua kwamba maada, iwe yabisi, kimiminika au gesi, imeundwa kwa chembe ndogo mno, na kwa maji chembe hizo ni molekuli. Vitu vingi vikiganda, chembe zake husogeleana zaidi. Maji yana tabia yao. Yakipoa hunywea mpaka kufikia nyuzi 4 za Selsiasi, kisha huanza kutanuka. Na yakiganda, molekuli hushikana kwa mpango wenye nafasi wazi katikati, hata ujazo ukaongezeka kwa takriban asilimia 9. Chupa hushindwa kuuhimili. Na barafu, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji ya ujazo ule ule, hukaa juu, ndiyo maana ziwa la nchi za baridi huganda usoni na samaki wakaishi chini. Subhanallah.

Mwaka 1017 Sultan Mahmud aliiteka Khwarazm na Al-Biruni akapelekwa Ghazna, Afghanistan ya leo. Huko alitengeneza chombo cha kupimia vito na madini: alijaza maji, akatumbukiza kito, kisha akapima uzito wa maji yaliyomwagika. Alijifunza pia Kisanskriti na kuandika kitabu kikubwa juu ya India.

Alifariki Ghazna mnamo mwaka 440 Hijria (1048) kwa mujibu wa wengi. Inasimuliwa kwamba faqihi mmoja alikwenda kumzuru akiwa katika pumzi za mwisho, naye akamuuliza mas-ala ya mirathi ya bibi. Mgeni alimwonea huruma, lakini mgonjwa alishikilia kwamba afadhali aiache dunia akiijua mas-ala hiyo kuliko kuiacha hali haijui. Akafafanuliwa, naye akairudia mpaka akaihifadhi. Yule faqihi alikuwa bado yuko njiani aliposikia vilio kutoka nyumbani.