Herbert Austin: Mwajiri aliyekataliwa na wapiga kura

Herbert Austin, mwanzilishi wa kiwanda cha magari cha Longbridge, Birmingham, aliwahi pia kuwa mbunge.

Mtoto huyo wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1866, alikwenda Australia akiwa kijana na kujihusisha na mashine za kunyolea kondoo manyoya. Alirejea Uingereza mwaka 1893, na mwaka 1905 akaanzisha kampuni yake.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kiwanda kilitengeneza makombora, naye akawajengea wafanyakazi nyumba za mbao zilizoagizwa kutoka Marekani.

Mwaka 1918 alichaguliwa mbunge wa King's Norton kwa tiketi ya chama cha Conservative. Kwa miaka sita hakutoa hotuba hata moja bungeni.

Katika uchaguzi wa Oktoba 1924 Conservative ilipata ushindi mkubwa nchini, lakini Austin alishindwa na Robert Dennison wa Labour, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi, kwa kura 133 tu.

Mwaka 1936 alirejea bungeni pasipo kupigiwa kura, akiwa Lodi Austin wa Longbridge. Alifariki dunia mwaka 1941.