Vincent du Vigneaud: Mkemia aliyeunda homoni inayowanusuru wazazi

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, wanawake kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia hujifungua mbali na kwao. Anayepatwa na matatizo makubwa hupelekwa Mbarara, kwenye hospitali ya rufaa. Hatari wanayoiogopa zaidi wakunga wa huko ni mama kutokwa na damu nyingi baada ya mtoto kuzaliwa. Kinga yake kuu ni sindano ya oksitosini, na aliyewezesha dawa hiyo kutengenezwa maabara ni mkemia wa Marekani, Vincent du Vigneaud.

Alizaliwa Chicago tarehe 18 Mei 1901. Alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha Illinois, huku akifanya kazi za mikono, ukiwamo uhudumu wa mezani, ili apate riziki. Habari za kugunduliwa kwa insulini zilimvutia mno, na utafiti juu ya homoni hiyo ukampatia shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Rochester mwaka 1927. Ndani ya insulini alikuta salfa. Tangu hapo, maisha yake yote ya kazi yakawa kufuata nyayo za elementi hiyo katika mwili wa kiumbe hai.

Mwaka 1938 alihamia chuo cha tiba cha Cornell, New York. Wakati huo oksitosini ilikwisha kujulikana: mwaka 1906 Henry Dale alikuwa ameonyesha mjini London kwamba majimaji ya tezi ya pituitari hukaza mfuko wa uzazi. Lakini dawa ilikamuliwa kutoka tezi za wanyama waliochinjwa, na mara nyingi ilichanganyika na homoni nyingine inayopandisha shinikizo la damu.

Du Vigneaud alibaini kwamba oksitosini ni mnyororo mfupi wa asidi amino tisa, uliofungwa pete kwa daraja la salfa. Mwaka 1953, yeye na wenzake waliunganisha mnyororo huo pingili kwa pingili. Ilipojaribiwa kwa wanawake, homoni hiyo ya maabara ilifanya kazi sawa na ile ya asili. Ilikuwa homoni ya kwanza ya aina ya polipeptidi kuundwa na binadamu, na mwaka 1955 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Thamani ya kazi yake imepimwa Mbarara kwenyewe. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2013, wanawake 1,140 waliojifungua katika hospitali hiyo walishiriki utafiti uliolinganisha sindano ya oksitosini na vidonge vya misoprostoli. Waliopoteza mililita 500 za damu au zaidi walikuwa asilimia 17.4 kwa sindano, na asilimia 28.6 kwa vidonge.

Hata hivyo, mnyororo huo huharibiwa na joto. Oksitosini hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, ilhali vidonge havihitaji jokofu. Kwa hiyo, palipo na umeme wa kusuasua, dawa iliyo bora ndiyo iliyo ngumu zaidi kuitunza.

Du Vigneaud alipatwa na kiharusi mwaka 1974, kikamaliza kazi yake, na akafariki dunia tarehe 11 Desemba 1978. Mnyororo aliouunganisha ungali unatumika. Kuufikisha ukiwa mzima kwa mama wa Nakivale ni kazi ya walio hai.