John Akii-Bua

John Akii-Bua (3 Desemba 1949 – 20 Juni 1997) alikuwa mwanariadha na askari polisi wa Uganda aliyekimbia mbio za mita 400 kuruka viunzi. Tarehe 2 Septemba 1972, katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, alishinda medali ya dhahabu kwa muda wa sekunde 47.82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na Mganda wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki. Hakupata nafasi ya kutetea ubingwa wake mwaka 1976 kwa sababu nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo, zilisusia michezo ya Montreal.

Maisha ya awali

Akii-Bua alizaliwa Abako, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa wa kabila la Walango. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane na watoto 43. Ndugu yake mmoja, Lawrence Ogwang, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 kwa kuruka chini na kuruka miruko mitatu. Huo ndio mwaka Uganda iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza.

Utotoni John alichunga mifugo ya baba yake. Baba alifariki John akiwa bado kijana, na masomo yake yakaishia hapo. Alifanya kazi kwa muda katika baa ya ndugu yake, kisha akaenda Kampala kujiunga na jeshi la polisi.

Polisi na riadha

Wakati ule majeshi ya ulinzi na polisi ndiyo yaliyowalea wanariadha wengi wa Afrika Mashariki. Askari mwenye kipaji alipata chakula, mshahara, uwanja na muda wa kufanya mazoezi, mambo ambayo kijana wa kijijini asingeweza kuyapata peke yake. Katika polisi ya Uganda Akii-Bua alifundishwa na Jorem Ochana, afisa mwenzake aliyekuwa mkimbiaji wa viunzi. Alianza na mbio fupi za viunzi, lakini hakufuzu kwenda Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968.

Mwaka huohuo Mwingereza Malcolm Arnold alikwenda Uganda kuwa kocha wa taifa. Arnold aliona kwamba Akii-Bua alikuwa na nguvu ya kustahimili mbio ndefu zaidi, akamhamishia kwenye mita 400 kuruka viunzi. Katika mbio hizi mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja na kuruka viunzi 10. Kwa wanaume kila kiunzi kina kimo cha sentimita 91.4. Kutoka mwanzo hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35, na kutoka kiunzi cha mwisho hadi utepe ni mita 40.

Ugumu wa mbio hizi uko katika kuhesabu hatua. Mkimbiaji anayepiga hatua 13 au 15 kati ya viunzi huruka kila mara kwa mguu uleule. Anapochoka hatua zake hufupika, na kama hawezi kuruka kwa mguu wa pili hulazimika kutoka hatua 13 moja kwa moja hadi 15, jambo linalompunguzia kasi. Akii-Bua alijifunza kuruka kwa kutanguliza mguu wowote. Kwa hiyo aliweza kutumia hata hatua 14 bila kuvuruga mwendo wake. Mazoezi yake yalikuwa makali: alikimbia kwenye miinuko akiwa amevaa fulana yenye uzito wa ziada, na aliruka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970 alishika nafasi ya nne. Mwaka 1971 alishinda katika mashindano ya Marekani dhidi ya Afrika mjini Durham, North Carolina, kwa muda wa sekunde 49.0, uliokuwa bora kuliko wote duniani mwaka huo. Hata hivyo wengi walimhesabu kuwa mgeni katika mbio hizi, kwa kuwa alikuwa ameshiriki mashindano machache ya kimataifa.

Olimpiki ya Munich 1972

Waliotazamiwa kushinda Munich walikuwa David Hemery wa Uingereza na Ralph Mann wa Marekani. Hemery alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Wote wawili walikuwa wamelelewa kimichezo katika vyuo vikuu vya Marekani: Hemery alisoma Boston University na Mann Brigham Young University. Vyuo hivyo vilikuwa na viwanja vya kisasa, makocha wa kudumu na mashindano ya mara kwa mara. Akii-Bua alitoka katika kambi ya polisi.

Katika fainali alipangiwa njia ya kwanza, iliyo ndani kabisa. Njia hiyo haipendwi na wakimbiaji wa viunzi kwa sababu kona zake ni kali na humlazimisha mtu kujipinda anaporuka. Hemery alianza kwa kasi kubwa, na nusu ya kwanza ya mbio ilionekana kuwa yake. Akii-Bua alimfikia kwenye kona ya mwisho. Walipoingia sehemu iliyonyooka alikuwa na nguvu kuliko wenzake wote, akamaliza akiwa peke yake mbele. Mann alipata medali ya fedha kwa sekunde 48.51, na Hemery shaba kwa sekunde 48.52. Rekodi ya dunia ilikuwa imepunguzwa kwa sekunde 0.30.

Baada ya kuvuka utepe Akii-Bua hakusimama. Aliendelea kukimbia na kurukaruka kwa furaha mbele ya watazamaji, akiwa na bendera ya Uganda. Siku tatu baadaye wanamichezo wa Israeli walitekwa katika kijiji cha Olimpiki, na Waisraeli 11 wakauawa. Tukio hilo lilifunika habari nyingine nyingi za michezo ile.

Maisha chini ya Idi Amin

Ushindi huo ulikuja wakati mgumu kwa Uganda. Idi Amin alikuwa amempindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Obote alikuwa Mlango, na baada ya mapinduzi askari wengi wa Kilango na Kiacholi waliuawa kambini. Mwezi Agosti 1972, wiki chache kabla ya fainali ya Munich, Amin alitangaza kuwafukuza Waasia.

Akii-Bua aliporudi nyumbani alipokewa kama shujaa. Amin alimpandisha cheo katika polisi na kumpa nyumba, na barabara moja mjini Kampala ikapewa jina lake. Lakini heshima hiyo ilikuwa na upande wa pili. Serikali ilimtumia kama mfano wa Mlango aliyefanikiwa, ili kukanusha kwamba watu wa kabila lake waliteswa. Hivyo alikuwa katika hatari kutoka pande mbili: kwa serikali alikuwa Mlango, na kwa wapinzani wa serikali angeweza kuonekana kuwa mtu wa Amin.

Kocha Arnold aliondoka Uganda baada ya Olimpiki. Akii-Bua aliendelea na mbio. Mwezi Januari 1973 alishinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Katika michezo kama hiyo mjini Algiers mwaka 1978 alipata medali ya fedha.

Kususiwa kwa Montreal 1976

Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, nchi iliyokuwa imefungiwa na michezo ya kimataifa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Ziara hiyo ilifanyika muda mfupi baada ya polisi wa Afrika Kusini kuwaua wanafunzi waliokuwa wakiandamana Soweto tarehe 16 Juni. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe katika Olimpiki ya Montreal. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa, ikisema raga haikuwa mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi 20, nyingi zikiwa za Afrika, zikajitoa.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Ilikuwa mwenyeji wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na mkutano muhimu wa ANC wa mwaka 1969 ulifanyika mjini Morogoro. Kwa uamuzi huo Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, hakukutana na John Walker wa New Zealand, ambaye ndiye aliyetwaa dhahabu. Kwa Uganda, aliyepoteza zaidi alikuwa Akii-Bua.

Tarehe 25 Julai 1976 Edwin Moses wa Marekani alishinda fainali ya mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.64, akaivunja rekodi ya Akii-Bua. Moses alikuwa mwanafunzi wa fizikia katika Morehouse College ya Atlanta, chuo kisichokuwa hata na uwanja wake wa riadha, na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza kushindana sana katika mbio hizo. Baadaye alishinda mbio 122 mfululizo kati ya mwaka 1977 na 1987. Pambano kati ya wawili hao wakiwa bado katika ubora wao lilikosekana.

Ukimbizi na kurudi nyumbani

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, na Tanzania ikajibu kwa vita vilivyomwondoa Amin madarakani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Utawala ulipokuwa ukiporomoka, Akii-Bua alikimbilia Kenya pamoja na familia yake, akihofia kuhesabiwa kuwa mshirika wa Amin. Huko bingwa wa Olimpiki aliwekwa katika kambi ya wakimbizi.

Waliomtoa kambini ni kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alikuwa akivitumia katika mashindano. Alihamia Herzogenaurach, mji mdogo wa Ujerumani yenye makao makuu ya kampuni hiyo, akafanya kazi huko kwa miaka kadhaa. Mwaka 1980 aliiwakilisha tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow, lakini hakufika fainali. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Katika miaka ya 1980 alirudi Uganda na kuwa kocha wa riadha. Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47. Mke wake alikuwa ametangulia kufariki, naye akaacha watoto 11. Serikali ilimpa mazishi ya kitaifa.

Urithi

Jina lake limebaki katika barabara ya Akii-Bua mjini Kampala na katika uwanja wa michezo wa Akii-Bua mjini Lira. Mwaka 2008 shirika la BBC lilionyesha filamu ya maisha yake. Malcolm Arnold alirudi Uingereza na kuwafundisha wakimbiaji wengine wa viunzi, akiwemo Colin Jackson, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi mwaka 1993.

Rekodi ya mita 400 kuruka viunzi imeshuka sana tangu wakati wa Akii-Bua. Kevin Young wa Marekani alikuwa wa kwanza kwenda chini ya sekunde 47, alipokimbia kwa sekunde 46.78 katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Karsten Warholm wa Norwei alikimbia kwa sekunde 45.94 katika Olimpiki ya Tokyo tarehe 3 Agosti 2021.

Uganda ilisubiri miaka 40 kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki. Stephen Kiprotich aliipata katika mbio za marathoni mjini London tarehe 12 Agosti 2012. Katika Olimpiki ya Tokyo Joshua Cheptegei alishinda mita 5000, na Peruth Chemutai, aliyeshinda mita 3000 kuruka viunzi na maji, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Cheptegei alishinda tena mjini Paris mwaka 2024, safari hii katika mita 10,000. Katika mbio za mita 400 kuruka viunzi, Akii-Bua bado ndiye Mganda pekee aliyepata medali ya Olimpiki.