Amos Alonzo Stagg, kocha aliyefukuzwa na umri lakini akakataa kupumzika

Jina la Amos Alonzo Stagg halijulikani sana hapa kwetu, lakini huko Marekani ni kati ya waanzilishi wakubwa wa michezo ya vyuo vikuu.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 huko West Orange, jimbo la New Jersey, katika jamaa maskini. Alipokuwa chuo kikuu cha Yale, alisifika kwa kurusha mpira wa besiboli. Timu za kulipwa zilimtaka, akakataa, kwani alitaka kuwa mchungaji. Baadaye aliona kwamba kuhubiri si kipaji chake, akachagua kulea vijana kwa njia ya michezo.

Mwezi wa Machi 1892, huko Springfield, alicheza katika mechi ya kwanza ya basketi mbele ya watu. Walimu walifungwa 5 kwa 1, na bao lao pekee lilikuwa lake.

Mwaka huohuo alianza kazi katika chuo kikuu kipya cha Chicago. Alifundisha futiboli ya Kimarekani na besiboli pia. Ushindi wake mkubwa ulikuja mwaka wa 1905: Chicago iliipiga Michigan 2 kwa 0, timu iliyokuwa imemaliza mechi 56 bila kushindwa.

Baada ya miaka 40, chuo kilimtoa kwa sababu alifikisha miaka 70. Alipewa kazi nyingine ya ofisini, akaikataa. Alihamia California na kufundisha katika chuo cha Pacific. Mwaka wa 1943, akiwa na miaka 81, alichaguliwa kocha bora wa mwaka. Chicago yenyewe ilikuwa imefuta timu yake toka 1939.

Chini ya majukwaa ya uwanja wenye jina lake, tarehe 2 Desemba 1942, wataalamu walifaulu kwa mara ya kwanza kuwasha na kuongoza nguvu ya nyuklia. Ilikuwa sehemu ya mpango wa bomu la atomiki, ambao ulipata uraniamu nyingi kutoka Shinkolobwe, Katanga.

Stagg alifariki tarehe 17 Machi 1965, akiwa na miaka 102. Timu zake za futiboli zilishinda mechi zaidi ya 300, na nyingi kati ya hizo alizipata kabla ya kuambiwa kwamba amezeeka. Zilizobaki ndizo zilikuwa jibu lake.