Mzee Ingram na mti uliopotea kwao

Wandugu wa kazi, na ninyi wamama wa kambini, leo naacha kidogo habari ya mishahara. Nataka kuwaelezea maisha ya mzee mmoja wa Uingereza, jina lake Collingwood Ingram. Alizaliwa 1880, akafa 1981, miaka mia moja imetimia. Watu walimpa jina la mti wa serizie, juu aliupenda kupita kitu chochote.

Tusidanganyane, hakuwa mtoto wa mfanyakazi. Babu yake ndiye alianzisha gazeti kubwa la picha kule London, na mali ilibaki katika jamaa. Lakini utotoni afya yake ilikuwa mbaya, akakua akitembea porini kuangalia ndege. Wakati wa vita ya 1914 alishughulika na dira za avioni.

Mwaka 1919 alinunua nyumba Benenden, katika Kent. Ndani ya lupango mlikuwa serizie mbili kubwa. Zilipotoa maua, roho yake ikakamatwa. Akaanza kukusanya aina zote, zile za maua tu, si za kula.

Wengi wakiona serizie wanasema paka: maua mazuri. Yeye hapana. Alihesabu petali: ni tano, ao ni ishirini na zaidi? Aliangalia jani changa: ni kijani, ao jekundu sawa shaba? Kanzan iko na maua ya rose yenye petali nyingi zimefungana. Ukon inaelekea manjano ya kijani. Ni sawa mchimbaji wa zamani anashika jiwe mkononi: hii iko malakiti, hii hapana.

Mwaka 1923, katika bustani moja ya Sussex, alikuta serizie karibu ya kufa. Maua meupe, makubwa ajabu, petali tano tano, majani machanga rangi ya shaba. Mwenye bustani aliuletewa toka Japani, lakini jina halikujulikana. Ingram akakata vijiti, akavibandika juu ya miti mingine kwake. Vikashika.

Mwaka 1926 akaenda Japani. Huko mzee Funatsu, mtunzaji wa aina za zamani, alimfungulia picha ya kale: serizie nyeupe kubwa. Mti huo, akaelezea, ulikwisha kupotea katika inchi yote. Ingram akaujua palepale. Ulikuwa hai, kwake Benenden!

Namna gani ulipotea? Wajapani walikuwa wakipanda mahali pote aina moja tu, Somei-yoshino, juu inakua mbio. Zile zingine zilisahauliwa, na wazee waliozijua wakafa.

Kurudisha mti haikuwa kazi nyepesi. Mara nyingi vijiti vilikufa njiani. Mwisho wakavichomeka ndani ya viazi vya Ulaya ili visikauke, wakavipitisha kwa treni ya Siberia, kule kwenye baridi. Mwaka 1932 vikafika vizima, mti ukarudia kukua Kyoto. Unaitwa Taihaku, maana yake mweupe mkubwa. Taihaku zote tunazoziona leo duniani zinatoka katika ule mti mmoja wa Sussex. Na mwaka 1948 Ingram aliandika kitabu, ili ujuzi wake usizikwe pamoja naye.

Wandugu, ninafikiri juu ya wazee wetu wanaokwenda pensio. Kuna mmoja anajua mwamba wa juu unalia namna gani mbele ya kuanguka. Hakuna karatasi iliyoandika ile sauti. Siku tutamzika, nani atawaambia vijana wakimbie?

Tukae nao, tuwaulize, tuandike. Mti ule uliokoka juu mtu mmoja aliuangalia vizuri, kiisha akagawa vijiti.