Agrippina, mama aliyerudishwa nyumbani akiwa majivu

Nilipokuwa mwanafunzi ukimbizini, mwalimu wetu alitusimulia habari za Agrippina, mjukuu wa Kaisari Augustus. Mwaka 15 BK, askari wa Roma walitaka kuvunja daraja la mto Rhine kwa kuwaogopa adui. Yeye aliwazuia, na wenzao waliokuwa ng'ambo wakavuka salama. Mumewe, Germanicus, alifariki Antiokia mwaka 19, naye akayaleta majivu yake Italia. Mwaka 29 Kaisari Tiberius alimfukuzia kisiwa cha Pandateria. Akafia huko kwa njaa mwaka 33. Mwaka 37 mwanawe Caligula alitawala, akavuka bahari mwenyewe kumrudisha Roma. Mimi nilirudi kwetu, baba akabaki kaburini ugenini. Kila nivukapo mpaka, namkumbuka mama huyo.