Charles Dickens na mpaka uliomnyima jasho la kalamu yake

KITABU kinapobeba ilani kwamba kisiuzwe nje ya eneo fulani, msomaji huhisi amefungiwa mlango. Maisha ya Charles Dickens, mwandishi mashuhuri wa Uingereza, yanaeleza ni kwa nini mlango huo ulijengwa.

Dickens alizaliwa Portsmouth mnamo Februari 7, 1812. Mwaka wa 1824 babake alitiwa gerezani London kwa sababu ya madeni. Mvulana huyo wa miaka 12 alipelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye vyombo vya rangi ya viatu. Hofu ya ufukara haikumtoka tena maishani.

Riwaya yake ya kwanza, The Pickwick Papers, ilitolewa kwa sehemu za kila mwezi kati ya 1836 na 1837, na hatimaye kila sehemu ikauza takriban nakala 40,000. Tangu hapo kalamu ikawa shamba lake la kulisha jamaa kubwa.

Hata hivyo, shamba hilo halikuwa na ua ng'ambo ya bahari. Sheria ya Marekani ya 1790 ililinda hakimiliki za raia na wakazi wa nchi hiyo pekee. Wachapishaji wa huko walipiga chapa kazi za Dickens na kuziuza kwa bei ya chini, pasipo kulazimika kumlipa hata senti.

Januari 1842 aliwasili Boston, akalakiwa kwa karamu na shangwe. Lakini alipothubutu kudai hakimiliki ya kimataifa, magazeti mengi, ambayo yenyewe yalinufaika kwa kuchapisha kazi za wageni bure, yalimshutumu kwa tamaa. Alirejea kwao mikono mitupu.

Faraja ilitoka Leipzig, Ujerumani. Kuanzia 1843, mchapishaji Bernhard Tauchnitz aliwaomba waandishi wa Uingereza idhini na kuwalipa, ingawa hakuna sheria iliyomshurutisha. Dickens alimwamini kiasi cha kumpeleka mwanawe huko kujifunza Kijerumani.

Vitabu vya Tauchnitz viliuzwa katika bara la Ulaya, na vilikuwa na onyo kwamba visiingizwe Uingereza wala makoloni yake. Sababu ilikuwa bayana. Mchapishaji wa London alikuwa amenunua haki ya soko hilo. Lau nakala za bei nafuu kutoka Leipzig zingemwagwa humo, angepata hasara, na malipo ya mwandishi yangepungua.

Dickens alizuru Marekani tena kati ya 1867 na 1868, akisoma kazi zake mbele ya hadhira zilizolipa kiingilio. Alivuna pesa ambazo vitabu vyenyewe havikumletea huko, lakini afya yake ilizorota. Alifariki Juni 9, 1870, akiwa na umri wa miaka 58.

Mkataba wa Berne ulitiwa saini 1886, nayo Marekani ikaanza kuwalinda waandishi wa kigeni mnamo 1891. Tangu hapo mwandishi ameweza kuuza haki za Marekani kwa mchapishaji mmoja, na za Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola, Kenya ikiwemo, kwa mwingine. Kila mmoja hulinda eneo alilolilipia.

Leo hakimiliki ya riwaya za Dickens imekwisha, na yeyote anaweza kuzichapisha popote. Uhuru huo ulikuja baada ya kifo cha mwandishi. Alichokuwa akililia Boston ni kulipwa angali hai.